Mzee wa Baraza Akitaka Kujua Zaidi

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sheria haijabadilishwa, niliketi benchi la nyuma katika kikao cha Mahakama Kuu hapa Arusha. Kesi ilikuwa ya mauaji. Shahidi, mama wa makamo, alikuwa ameeleza jinsi watu wawili walivyovunja mlango usiku, na jinsi alivyomtambua mmoja wao kwa mwanga wa kibatari. Wakili wa Serikali alimwuliza yake. Wakili wa utetezi akambana karibu saa nzima. Wakili wa Serikali akarudi kuweka sawa palipochafuka. Ndipo Jaji akawageukia wazee wawili waliokaa pembeni yake.

Mmoja wao, koti la kijivu, mfuko umelegea kwa miwani, akakohoa kidogo. "Mama, hicho kibatari kilikuwa mezani au sakafuni? Na wewe ulikuwa umekipa uso au mgongo?"

Mama akajibu bila kusita kwamba kilikuwa sakafuni, nyuma ya ndoo, maana upepo ulikuwa unaingia kwenye nyufa za ukuta na mafuta yenyewe yalikuwa kidogo. Nilimwona wakili wa utetezi akishika kalamu haraka. Saa nzima ya kubana, na hilo halikumjia.

Mzee akapata moyo. "Na si kweli kwamba jioni ile ulikuwa umekunywa mbege, ndiyo maana hukuwaona vizuri?"

Jaji akainua mkono kabla mama hajafungua kinywa. "Mzee wangu, hapo hapana."

Waliokuwa karibu nami wakanong'ona kwamba Jaji amemwonea. Kama wamemwita asaidie kutafuta ukweli, kwa nini wamfunge mdomo? Na kama bado ana shaka, kwa nini asiruhusiwe kusema: mleteni jirani, mleteni huyo muuza mbege, tusikie? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, tena na watu walioona kwenye filamu za Marekani watu kumi na wawili wamejifungia chumbani wakibishana. Jibu lake lina kona nyingi.

Kwanza, sisi hatuna juri. Waingereza walipoitawala Tanganyika hawakutuachia wale kumi na wawili wenye mamlaka ya kutamka hatia. Walituachia wazee wa baraza, ambao sheria huwaita pia washauri wa mahakama. Jirani zetu wa Kenya waliachana nao mwaka 2007. Kwetu wamedumu, ila mamlaka yao hayafanani kila mahali, na hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo.

Mahakama ya Mwanzo ndiko mzee alikokuwa na nguvu hasa. Kwa utaratibu wa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, hakimu alikaa na wazee wasiopungua wawili, na wakitofautiana, jambo liliamuliwa kwa kura za walio wengi, iwe dhamana, hatia au adhabu. Wazee wawili waliweza kumshinda hakimu msomi, jambo ambalo mawakili wengi wa mjini hawalijui. Kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mzee hutoa maoni kwa maandishi, na maoni hayo husomwa wadaawa, yaani pande za kesi, wakisikia kabla mwenyekiti hajatoa hukumu. Mahakama Kuu, mzee alitoa maoni kwa mdomo baada ya Jaji kumfupishia ushahidi wa pande zote na kumweleza sheria inayohusika. Jaji hakufungwa na maoni hayo. Wazee wote wangeweza kusema "hana hatia" na Jaji akatia hatiani, ilimradi aeleze sababu.

Mwaka 2022 Bunge likaondoa ulazima wa wazee Mahakama Kuu. Sasa kesi inaweza kusikilizwa na Jaji peke yake, na wazee huitwa pale tu Jaji anapoona haki inawahitaji. Mahakama ya Mwanzo nako sheria imelegezwa. Sheria ya zamani bado ina maana kubwa, kwa sababu zipo rufaa za kesi zilizosikilizwa na wazee, na kwenye ardhi wazee wangali wanaketi. Namba za vifungu nitakazotaja ni za matoleo ya 2019. Ukishika toleo jipya, hakiki namba kwanza.

Turudi kwenye kibatari. Kifungu cha 177 cha Sheria ya Ushahidi kinampa mzee ruhusa ya kumwuliza shahidi swali lolote ambalo mahakama yenyewe ingeweza kuuliza, kupitia kwa mahakama au kwa idhini yake, iwapo mahakama inaliona linafaa. Kwa hiyo aliyemwambia mzee wa baraza kwamba yupo pale kama pambo, alimdanganya. Mzee yule alikuwa na haki ya kuuliza kuhusu mwanga, tena aliuliza jambo zito kuliko alivyojua mwenyewe. Tangu 1980, katika rufaa ya Waziri Amani inayonukuliwa mahakamani hadi leo, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu sana na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa: mwanga ulitoka wapi, ulikuwa na nguvu kiasi gani, umbali ulikuwaje, shahidi alimtazama mtu kwa muda gani. Mzee hakuwa amesoma rufaa hiyo. Alikulia kwenye nyumba ya kibatari, akajua kwamba kikiwa sakafuni nyuma ya ndoo kinamulika miguu na kuacha sura gizani.

Swali la mbege lina ugonjwa mwingine. Sheria imegawa maswali kwa zamu. Aliyemwita shahidi huanza. Upande wa pili humdodosa. Aliyemwita hurudi kufafanua. Dodoso ni mali ya upande unaopingana na shahidi, na kazi yake ni kumtikisa: kuonyesha kwamba hakuona, kwamba ana kinyongo, kwamba leo anasema hivi na juzi alisema vile. Mzee hana upande. Yeye ni msaidizi wa mahakama, na mahakama haina shahidi wa kumtikisa. Anapouliza "si kweli kwamba ulikuwa umelewa?", hatafuti kujua. Ana hadithi yake tayari na anataka shahidi aitikie. Mshtakiwa au ndugu wa marehemu akisikia hivyo, mmoja wao ataona kwamba mwamuzi ameshavaa jezi.

Usidhani haya ni mambo ya adabu tu. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa kesi za mauaji kwa sababu wazee waliruhusiwa kudodosa mashahidi. Mashahidi kumi wamesikilizwa, miaka imepita, mtu amehukumiwa, halafu yote yanageuka karatasi kwa sababu ya maswali sita ya mzee aliyejawa na ari. Katika baadhi ya kumbukumbu, maswali ya wazee yalikuwa yameandikwa kabisa chini ya kichwa cha dodoso, utadhani wazee nao ni wakili wa tatu. Ndiyo maana majaji wakaagizwa kuwaeleza wazee kazi yao kabla ya shahidi wa kwanza, na kuwapa nafasi ya kuuliza mwishoni kabisa, pande zote zikiwa zimemaliza, kwa ajili ya ufafanuzi tu. Binafsi naona lawama kubwa ilikuwa ya aliyekaa kitini akinyamaza, kuliko ya mzee. Huwezi kumtoa mtu shambani asubuhi, umkalishe karibu na Jaji, usimwambie mipaka, kisha ushangae ameivuka.

Sasa tufike kwenye swali gumu. Kumwuliza aliyepo kizimbani ni jambo moja. Je, mzee anaweza kutaka aletwe mwingine?

Kwa amri yake mwenyewe, hawezi. Mamlaka hayo yako kwa mahakama. Kifungu cha 195 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama, katika hatua yoyote ya kesi, kumwita mtu yeyote awe shahidi, kumhoji aliyepo hata kama hakuitwa, au kumrudisha aliyekwisha kutoa ushahidi. Kinakwenda mbali zaidi: ushahidi huo ukionekana wa lazima kwa uamuzi wa haki, mahakama inatakiwa iuchukue. Na pande zote mbili zina haki ya kumdodosa shahidi huyo, na zinapewa muda wa kujiandaa. Kwa hiyo mzee anayejiuliza "yule jirani yuko wapi?" anachoweza kufanya ni kumnong'oneza Jaji au kumwandikia kijikaratasi. Jaji akiona hoja ina uzito, atafanya hivyo kwa jina la mahakama. Asipoona, basi.

Na mara nyingi hataona, kwa sababu ambayo ndiyo kiini cha jambo lote hili. Kwenye jinai, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha, tena bila kuacha shaka ya msingi. Mshtakiwa hadaiwi kitu. Anaweza kukaa kimya tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Sasa chukua kesi ambayo Jamhuri imefunga ushahidi wake bila kumleta jirani aliyedaiwa kukimbia na kufika wa kwanza. Pengo limebaki. Mzee akisema "mleteni", na akaletwa, na akasema "ndiyo, nilimwona huyu", basi nani amethibitisha kesi? Mahakama yenyewe. Imeshika jembe la Jamhuri na kulima palipobaki, kisha inageuka kuwa mwamuzi wa shamba lile lile.

Pengo hilo lilikuwa tayari jibu. Mzee anayeondoka na swali kichwani anaona kama amenyimwa kitu, kumbe ameshapewa: ushahidi haukutosha, na faida ya shaka ni ya mshtakiwa. Sheria haihitaji idadi maalumu ya mashahidi, hata mmoja anaweza kutosha akiaminika. Lakini Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1991, katika rufaa ya Aziz Abdallah, kwamba upande wa mashtaka ukiacha bila sababu kumwita shahidi muhimu aliyepo na anayepatikana, mahakama inaweza kuhisi kwamba angeletwa asingewasaidia. Yaani kutokuja kwake nako kunazungumza. Mzee mwenye busara hamwiti jirani, anampigia hesabu.

Hii inauma, najua. Kwetu baraza la ukoo linapokaa chini ya mti, kila mwenye neno husema, na aliyeko mbali hutumwa kijana akamwite. Hakuna anayeuliza mzigo ni wa nani, kwa sababu baraza linatafuta kuwapatanisha watu watakaochota maji mfereji mmoja kesho. Mzee anatoka kwenye utamaduni huo moja kwa moja na kuingia kwenye ukumbi ambako pande mbili zinashindana na mwamuzi anatakiwa atulize mikono.

Wenye juri nao hawajakubaliana. Huko Marekani, jimbo la Arizona, tangu mageuzi ya 1995, mjumbe wa juri anaweza kuandika swali kwenye karatasi, hakimu akalipima na mawakili, kisha akalisoma au akaliacha. Colorado na Indiana nako wanaruhusu. Texas, kwenye kesi za jinai, hapana. Uingereza mjumbe hupitisha karatasi kwa karani, na hatima ya swali huamuliwa na hakimu baada ya kuwasikiliza mawakili. Ila juri ikishajifungia kuamua, mlango wa ushahidi mpya nao umefungwa. Wanaweza kuomba wakumbushwe alichosema shahidi, na hakimu akawasomea kutoka kwenye maandishi yake. Kitu kipya, hapana.

Ukubwa wa "kitu kipya" unachekesha. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitengua hatia katika kesi ya dawa za kulevya kwa sababu juri, ikiwa imejifungia, iliomba mizani na ikapewa. Mizani ile ile ya kupimia viazi pale sokoni Kilombero! Lakini ukifikiri, wajumbe walikwenda kupima wenyewe, faraghani, jambo ambalo hakuna shahidi aliyelipima mbele ya mshtakiwa. Matokeo ya kipimo yakawa shahidi asiyeweza kudodoswa. Mwaka uliofuata mahakama hiyo hiyo ikasema rula au kioo cha kukuzia havina tatizo, kwa sababu vinakusaidia kuona kilichokwisha kuletwa.

Kuna la ajabu zaidi. Mwaka 1994, katika kesi ya mauaji kusini mwa Uingereza, juri ililazwa hotelini Brighton kabla ya kutoa uamuzi, na wajumbe wanne wakatengeneza ubao wa kuitia mizimu, wakamwuliza marehemu nani kamuua. Kesi ikarudiwa upya. Wenzetu hupenda kusema ushirikina ni wa kwetu. Hapo sina la kuongeza. Siku hizi mzimu ni simu. Mjumbe mmoja wa juri huko Luton alitafuta habari za mshtakiwa kwenye intaneti, akawasimulia wenzake, na mwaka 2012 akafungwa miezi sita. Tangu 2015 kufanya hivyo ni kosa la jinai linalojitegemea huko, kifungo hadi miaka miwili.

Hata hivyo usitoke hapa ukidhani kila aliyekaa kitini duniani amefungwa mikono namna hiyo. Arusha ina mfano wake, tena mkubwa. Pale kwenye jengo la mikutano la AICC iliketi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Haikuwa na juri wala wazee, ila majaji watatu kwa kila kesi, na kanuni zake ziliwaruhusu kuagiza upande wowote ulete ushahidi zaidi au kumwita shahidi wao wenyewe. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hati ya mashtaka ilianza bila neno lolote juu ya ubakaji. Shahidi mwanamke alipogusia yaliyompata mtoto wake, majaji hawakumpita. Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, jaji pekee mwanamke katika jopo lile, alikuwa miongoni mwa waliouliza zaidi. Juni 1997 upande wa mashtaka ukaibadili hati. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani, na ikawa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari. Maswali yalitoka mezani kwa majaji, hapa hapa mjini.

Angalia lakini yalivyokwenda. Waliuliza kwa sauti, mbele ya mshtakiwa na mawakili wake, wakamwachia mwendesha mashtaka kuamua afanye nini na majibu. Hawakutuma mtu pembeni.

Kutuma mtu pembeni, au kujituma, ndiko kunakoharibu kesi za ardhi huko Moshi. Mgogoro wa kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, hauelezeki vizuri chumbani. Mdai anasema mpaka ni mstari wa masale, ile mimea ipandwayo mipakani, mdaiwa anasema masale yale yalihamishwa marehemu baba alipougua. Mzee wa baraza, ambaye mwenyewe ni Mchagga na ana kihamba chake, anajua kutazama: sale la zamani lina shina nene lenye makovu, lililopandikizwa juzi halina. Kidole kinamwasha aende akaone. Na anaruhusiwa kuliomba baraza liende. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1980 kuhusu kutembelea eneo la mgogoro, safari hiyo ina masharti: iwe kwa sababu ya pekee, wadaawa na mawakili wao wawepo, kinachoonekana kiandikwe, kisha wote warudi barazani, maandishi yasomwe na kila upande useme kama umeandikwa sawasawa. Mzee akipita mwenyewe Jumapili akitoka kanisani, akatazama yale masale kwa jicho lake zuri la mkulima, amefanya kile kile cha mizani ya Waingereza. Huenda ameona sahihi kabisa. Ila hakuna atakayemwuliza alisimama wapi, saa ngapi, na ni mstari upi hasa alioutazama.

Yule mzee wa koti la kijivu nilikutana naye mchana ule kwenye kibanda cha chai nje ya uzio. Nilimwamkia, akaitikia, akaniachia nafasi kwenye benchi. Muuza chai, ambaye habari za ndani zilikuwa zimeshamfikia, akamwuliza kama yule kijana atatoka. Mzee akakoroga chai yake.

"Maharage huko kwenu debe shilingi ngapi?" akamwuliza.